Kitanda Chenye Kufunguka

Hapa Lumumba tunaweza kujitengenezea nyumbani kitanda cha mbao nyoofu, bila mapambo, kwa msumeno, randa, patasi na keke. Tutafute libuyu iliyokauka vizuri, juu mbao mbichi inapokauka inapungua na viungo vinalegea. Upande wa kichwa na wa miguu, tuchonge ndimi, tuziingize katika matundu ya nguzo na gundi. Lakini mbao mbili ndefu za ubavuni hatuzipake gundi: kila pembe ulimi mfupi, isizunguke, na buloni moja. Kwa sababu gani? Mwezi wa 5, 2003, watu wengi walikimbia Bunia. Kitanda cha misumari ukikibomoa kinapasuka. Hiki kinafunguka, kinabebwa, kinasimama tena kule mtakakofika.