Salvador: Jiji la tui, ngoma na kanzu iliyopotea

Wahenga walisema mtembezi hula miguu yake. Mimi, msomaji mpenzi, nilipotembea Salvador, mji mkuu wa jimbo la Bahia huko Brazil, nilikula zaidi ya miguu. Nilikula samaki wa nazi, nikala bajia za kunde, na mwisho nikala na huzuni.

Jiji hili lina watu zaidi ya milioni mbili, na walio wengi asili yao ni Afrika. Lilijengwa na Wareno mwaka 1549, likawa makao makuu ya Brazil hadi 1763. Ni Wareno wale wale waliojenga ngome ya Mombasa. Pedro Álvares Cabral alifika pwani ya Bahia mwezi wa Aprili 1500, na kabla ya mwaka huo kwisha jahazi zake zilikuwa zimeshatia nanga Kilwa na Malindi. Basi sisi na watu wa Bahia tulianza kupigwa kwa fimbo moja, na katika mwaka mmoja.

Mji umegawika sehemu mbili, wa juu na wa chini, na baina yake pana jabali. Mtu hupanda kwa lifti iitwayo Elevador Lacerda, iliyoanza kazi mwaka 1873 na ambayo urefu wake ni mita 72. Ukifika juu, bahari yote iko chini ya macho yako, na upepo wake una chumvi ile ile ya kwetu. Hatua chache kutoka hapo ni Pelourinho, mtaa wa kale wa vichochoro vya mawe na nyumba za kila rangi, ulioingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 1985. Wageni hupiga picha wakafurahi. Lakini jina hilo maana yake ni nguzo, nayo ni nguzo ya kufungia watumwa wakapigwa viboko.

Tuje kwenye chakula. Mchana mwenyeji wangu alinipeleka kula moqueca, samaki aliyepikwa chunguni kwa tui la nazi, nyanya, vitunguu, dania na mafuta mekundu ya mawese. Nilipotia tonge la kwanza nilidhani niko Mji wa Kale. Mnazi ule ulipelekwa huko na Wareno katika karne ya 16, na wao wakatuletea mkanju na muhogo kutoka Brazil. Tulibadilishana vyakula bila ya kuonana nyuso.

Jioni ndipo mtihani uliponifika. Kando ya njia alikaa mama mmoja mtu mzima, amevaa nguo nyeupe na kilemba, anakaanga acarajé. Kunde hulowekwa, zikamenywa, zikasagwa na vitunguu, zikakaangwa kwa mawese, kisha zikapasuliwa na kujazwa kamba. Harufu ilinivuta, lakini nilikuwa nimeambiwa kwamba katika dini yao ya Candomblé chakula hiki hutolewa kwa mzimu wao Iansã. Mimi nimesoma chuo, najua kilichotolewa kwa asiyekuwa Mwenyezi Mungu si changu. Nikamwomba mwenyeji wangu amuulize, "Mama, hizi ni za tambiko?"

Mama akacheka. "Za tambiko ziko nyumbani, mwanangu. Hizi ni za kusomeshea wajukuu."

Nikapiga bismillahi, nikala mbili.

Usiku wa Jumanne Pelourinho hailali. Ngoma za kundi la Olodum, lililoundwa mwaka 1979, hutikisa kuta hata kifua kikaitikia. Wenzangu waliagiza pombe ya miwa na ndimu. Mimi niliomba radhi, nikaletewa maji ya makanju. Mara akapita kijana amevaa fulana ya rangi kali. Mwenyeji wangu akaniambia, "Ile ni abadá, vazi la Carnival. Ukiinunua ndiyo tikiti yako ya kuingia kundini."

Nikauliza jina hilo limetoka wapi. Laiti nisingaliuliza.

Abadá ilikuwa kanzu nyeupe ya Malê, yaani Waislamu weusi wa Bahia, wengi wao Wayoruba na Wahausa walioletwa utumwani. Walikuwa na vyuo vya siri, wakifundishana kuandika juu ya mbao. Waliosha maandishi wakanywa maji yake, kama sisi tunavyokunywa kombe, na walivaa hirizi. Mmoja wa walimu wao, Pacífico Licutan, wanafunzi wake walichanga fedha wamkomboe, bwana wake akakataa. Usiku wa kuamkia tarehe 25 Januari 1835, mwishoni mwa Ramadhani, wapatao mia sita waliinuka kupigania uhuru wao, wamevaa kanzu zao. Walishindwa. Zaidi ya sabini walikufa, na mwezi wa Mei wanne wakapigwa risasi kwa hukumu. Wengine walichapwa mamia ya viboko, wengine wakarudishwa Afrika kwa nguvu. Profesa João José Reis wa huko huko Bahia aliandika habari zao katika kitabu kilichotoka mwaka 1986, na karatasi zao za Kiarabu bado zimo katika nyaraka za jimbo.

Vyuo vyao vilikufa. Utumwa wenyewe ulikomeshwa 1888, lakini wakati huo wajukuu wengi hawakujua tena kusoma alichoandika babu. Likabaki jina la kanzu, nalo likavishwa fulana ya ngoma.

Siwalaumu vijana wale. Usiku ule nilikumbuka hoteli za watalii za pwani yetu, ambamo wahudumu huvishwa kanzu na kofia ndipo wabebe chupa za mvinyo. Watu wa Bahia walivuliwa kanzu yao kwa bunduki na viboko. Sisi yetu tunaivua wenyewe, tena kwa mshahara wa mwezi.

Safari nimesafiri, Bahia nikafikia,
Nimeona ya fahari, na machungu ya dunia,
Kanzu yenye kusitiri, kwa ngoma waitumia,
Rabi uliye Ghafari, wape pepo kutulia.