Robo Tatu ya Korija na Korija Tatu na Robo: Majina ya Sehemu za Namba katika Kiswahili

Kiswahili kina njia mbili kuu za kutaja sehemu ya kitu kizima. Ya kwanza ni nomino zenye asili ya Kiarabu: nusu, theluthi, robo, humusi, sudusi, subui, thumuni, tusui na ushuri. Ya pili ni kirai chenye a-unganifu, kama vile moja ya tatu au tatu ya tano. Makala haya yanalinganisha njia hizo kwa kurejelea Kibiti na delta ya Rufiji, mkoani Pwani, eneo ambalo boriti za mikoko zimehesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, na ambako mirathi ya Waislamu hugawanywa kwa mafungu yanayotajwa kwa nomino hizo.

Kimuundo, nomino hizi zimo katika ngeli ya 9/10 na hufuatwa na kivumishi cha idadi: theluthi mbili, robo tatu. Hapa namba ya chini hutangulia, nayo ya juu hufuata. Katika tatu ya nne mpangilio hugeuka, ingawa thamani ni ileile. Aidha, kirai sehemu ya tatu kina utata: huweza kumaanisha theluthi, au fungu linalofuata la pili. Nomino theluthi haina utata huo, na katika hati ya mirathi tofauti hiyo ni ya haki, si ya mtindo tu.

Tuchukue mfano wa kukokotoa. Marehemu ameacha mke, mama, baba na mtoto mmoja wa kiume, pamoja na korija 6 za boriti, yaani boriti 120. Mke hupata thumuni, mama sudusi, baba sudusi, na mtoto hupata baki. Msikilizaji anayefuata ukubwa wa namba nane na sita anaweza kudhani kuwa thumuni huzidi sudusi. Kipimo cha pamoja cha 24 huondoa dhana hiyo: thumuni ni 3, sudusi ni 4, na baki ni 13. Kwa hiyo mke ana boriti 15, mama 20, baba 20 na mtoto 65.

Yakitajwa kwa korija, fungu la mke ni robo tatu ya korija, na la mtoto ni korija tatu na robo. Maneno yanayobeba maana ni yale yale matatu: robo, tatu na korija. Kinachotenganisha boriti 15 na 65 ni mpangilio wa maneno pamoja na viunganishi ya na na. Katika kirai cha kwanza, tatu huhesabu robo. Katika cha pili huhesabu korija, nayo robo huongezwa kwa na.

Uhusiano wa kutoa nao una umbo lake: katika saa mbili kasorobo, kasoro na robo zimeungana kuwa neno moja. Sumuni, umbo jingine la thumuni, imekwenda mbali zaidi: kama jina la sarafu ya senti 50, haitaji tena sehemu ya nane bali nusu ya shilingi.

Kwa hiyo, kamusi inayofasili robo kuwa “sehemu ya nne” pekee haijatosheleza. Inapaswa kuonyesha pia nafasi ya robo katika kirai, kwani humo ndimo thamani yake hukamilika.