UKOKO WA MAWE NA KONOKONO WA MTONI

Ukienda mtoni wakati wa kiangazi, maji yakiwa yamepungua, tazama mawe. Mengine yamevaa ganda jeupe na gumu. Mengine ni mekundu kama kutu. Watu wengine huyaogopa. Husema kwamba mto una sumu, ao umetupiwa uchawi. Lakini ganda hilo la mawe si adui. Adui yuko karibu nalo, nasi twamkanyaga kila siku bila hofu.

Ganda jeupe ni nini? Ni chokaa. Maji ya mvua yakizama katika udongo huchukua hewa iliyo ndani yake. Maji yenye hewa hiyo huweza kuyeyusha mawe ya chokaa, na chokaa haionekani tena, kama chumvi katika mchuzi. Maji yakitoka katika chemchemi na kurukaruka juu ya mawe, hewa ile hutoka. Ndipo chokaa hushika juu ya mawe, vijiti na majani. Angalia ndani ya birika yako ya zamani. Ukoko mweupe ulio humo ni ndugu wa ukoko wa mtoni. Chokaa hiyo haidhuru mwili, ila sabuni haitoi povu upesi.

Na ganda jekundu je? Hilo ni chuma. Maji ya kinamasi hubeba chuma, na yakikutana na hewa chuma hugeuka kutu. Si damu. Pengine utaona juu ya maji utando unaong'aa kama mafuta. Uguse kwa kijiti. Ukivunjika vipande-vipande, ni utando wa chuma. Ukijiunga tena mara moja, ni mafuta kweli, wala usiyateke maji hayo. Vilevile, mto unaopokea maji ya machimbo ya madini ni jambo lingine. Usinywe maji yake.

Sasa geuza jiwe moja. Chini yake utaona viumbe vidogo: mabuu bapa yanayoshikamana na jiwe, wengine waliojijengea nyumba ya punje za mchanga, pengine na kaa mdogo. Mungu amewapa kila mmoja kazi yake. Wengi hula ukoga wa mawe na majani yaliyooza. Lakini usiseme, "Wadudu wanaishi humu, basi maji ni salama." Maji yanayowafaa wao yaweza kukuletea wewe ugonjwa.

Penye maji matulivu, kati ya majani na matope, utamkuta konokono mdogo. Gamba lake ni bapa, limeviringika kama kamba iliyokunjwa. Hulijenga kwa chokaa anayoipata katika maji na katika chakula chake. Huyu ndiye anayehifadhi kichocho cha matumbo, ambacho munganga hukiita bilharzia. Jina hilo limetoka kwa munganga Theodor Bilharz, aliyewaona minyoo hao huko Cairo mwaka 1851. Mwaka 1915, huko Misri, Robert Leiper alionyesha kwamba minyoo hao hupita katika konokono.

Ugonjwa huenda hivi. Mtu mwenye minyoo anajisaidia mtoni ao kando yake. Mayai yaliyo katika mavi yanafika majini na kuanguliwa. Kijidudu kinachotoka kinamtafuta konokono; asipompata kwa muda wa siku moja hivi, kinakufa. Akimpata, kinaingia ndani yake na kuzaana kwa majuma kadhaa. Kisha vijidudu vingi sana vyenye mkia wa panda vinatoka, hasa jua linapokuwa kali. Mama anayeloweka mihogo, mtoto anayeoga, mvuvi anayesimama majini: vijidudu vinapenya ngozi yao kwa dakika chache. Si lazima kuyanywa maji. Kuyagusa kunatosha.

Mwanzoni ngozi huwasha. Baadaye huja homa, maumivu ya tumbo, kuhara damu. Mtoto huchoka na hasomi vizuri. Miaka ikipita bila dawa, ini na wengu huvimba, na mtu aweza kutapika damu mpaka kufa. Kuna pia kichocho cha kibofu, ambacho hupita katika konokono wa namna nyingine na kuleta damu katika mkojo.

Basi, fahamu neno hili: konokono hazaliwi na ugonjwa. Anaupata kwetu. Tusipompa mayai, hana cha kuturudishia.

Tufanye nini?

1. Kila nyumba iwe na choo, mbali na mto. Mtoto pia asijisaidie majini. Sheria ya kufukia mavi nje ya kambi imo katika Kumbukumbu la Torati 23:12-13.

2. Usiogee wala kufulia penye konokono. Asubuhi mapema hatari hupungua, lakini haiishi.

3. Maji ya kuoga yachemshe, ao yaweke katika chombo kilichofunikwa, kisicho na konokono, kwa siku mbili. Vijidudu vitakufa. Maji ya kunywa yachemshe sikuzote, kwa maana kuna magonjwa mengine ndani yake.

4. Loweka mihogo katika pipa, ikiwezekana. Jengeni daraja penye kivuko, ili watoto wasivuke kwa miguu majini.

5. Ukiona damu katika mavi ao mkojo, nenda hospitali. Usione haya. Watapima kwa darubini. Zamani ilikuwa sindano nyingi zenye maumivu. Leo kuna vidonge vya praziquantel, vinavyopimwa kwa uzito wa mwili.

Lakini vidonge haviwekei mwili ulinzi. Mtu aliyepona leo, akirudi kesho katika maji yale yale, ataugua tena. Ndiyo maana dawa ya mtu mmoja haitoshi. Nyumba moja ikikosa choo, watoto wa kijiji kizima wako hatarini. Wakristo wa kanisa moja wamsaidie mjane na mzee kuchimba choo chao. Hiyo nayo ni kumpenda jirani.