Namba Tasa: Je, ni Tasa Kweli?

Mtaa wa Obunga mjini Kisumu unafahamika kwa mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta inayosalia viwandani baada ya minofu kuondolewa, ambayo hukaangwa na kuuzwa. Tuseme muuzaji ana vipande 12. Anaweza kuvipanga katika mafungu sawa ya 2, 3, 4 au 6. Vikiwa 13, hana budi kuuza kimoja kimoja au vyote kwa pamoja. Namba ya aina hii, iliyo kubwa kuliko 1 na isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe, huitwa namba tasa katika vitabu vya hisabati vya Kiswahili. Makala haya yanachunguza iwapo istilahi hiyo inaafiki sifa za namba yenyewe.

Euclid alithibitisha kwamba namba tasa hazina kikomo. Hata hivyo, kuzitambua zilizo kubwa ni kazi ngumu. Njia mojawapo ni ile inayohusishwa na mtawa Mfaransa, Marin Mersenne: kuchukua 2 kwa kipeo kilicho tasa, kisha kutoa 1. Kipeo kikiwa 7, hupatikana 127, ambayo ni tasa. Lakini kikiwa 11, hupatikana 2,047, ambayo ni 23 mara 89. Kwa hiyo kipeo tasa ni sharti, wala si hakikisho. Mnamo Oktoba 2024, Luke Durant wa Marekani aligundua kwamba kipeo 136,279,841 huzaa namba tasa yenye tarakimu 41,024,320. Ilithibitishwa kwa jaribio la Lucas na Lehmer, kwani kuijaribu kwa kuigawanya moja kwa moja kusingewezekana.

Aidha, mfumo wa RSA, uliobuniwa mwaka 1977 ili kuficha ujumbe, huzidisha namba tasa mbili zenye mamia ya tarakimu. Kuzizidisha ni rahisi. Kuzipata tena kutokana na zao lake ni kugumu mno.

Neno "tasa" humaanisha asiyezaa. Ilhali 13 huzaa 26, 39 na nyinginezo bila kikomo, na kila namba nzima inayozidi 1 ama ni tasa ama ni zao la namba tasa. Kinachokosekana si watoto, bali wazazi. Istilahi imekwisha kuota mizizi, na si lazima ing'olewe. Ila mwalimu aitumiaye hana budi kufafanua kwamba utasa huo ni wa kutogawanyika, wala si wa kutozaa.