Geuza Chupa Kabla Hujazilaumu Nywele

Nywele za kipilipili zina kiu. Mafuta ya asili yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa hayafiki kirahisi kwenye ncha, maana unywele wenyewe umejaa kona. Ukiziosha kwa shampuu kali yenye salfeti, hata yale mafuta kidogo yaliyokuwepo yanaondoka na povu. Ndiyo maana wadada wengi walioacha dawa wanaosha kwa kondishena peke yake, bila shampuu. Mimi pia ni mmoja wao.

Mtindo huu si wa jana. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, msusi Lorraine Massey wa New York aliuandikia kitabu, Curly Girl, akiwahimiza wenye nywele za kujikunja waachane na shampuu. Wala si miujiza. Kondishena nyingi zina vitu kama cetrimonium chloride na behentrimonium chloride. Hivyo vinalainisha nywele, lakini pia vinaweza kubeba vumbi, jasho na mafuta mepesi yakatoka na maji, mradi usugue vizuri kwa vidole.

Sasa tuje kwenye silikoni. Hii ndiyo inayozipa nywele mng'ao na kufanya chanuo liteleze. Inaufunika unywele kama vanishi inavyofunika meza. Si sumu, na kwa anayetumia shampuu haina neno: anapaka leo, wiki ijayo shampuu inaitoa. Lakini wewe uliyeacha shampuu, unaitoa na nini? Silikoni nyingi hazitoki kwa maji matupu, kwa hiyo kila ukiosha unaongeza koti juu ya koti. Baada ya wiki kadhaa nywele zinakuwa nzito, maji yanateleza juu yake, na ukizishika ni kavu ajabu.

Hapo ndipo watu wanapokata tamaa. Dada mmoja anayefanya kazi benki aliniambia, "Dada, mimi nywele zangu mbaya tu. Jumamosi naenda kuweka dawa." Alikuwa na miezi minne anaosha kwa kondishena, na mchumba wake alishaanza kumuunga mkono arudi kwenye dawa, kisa kuchoka kumwona akinuna mbele ya kioo kila Jumapili. Nikamwomba alete chupa. Mbele ina picha ya nazi na neno "asili" kwa herufi kubwa. Nyuma, dimethicone ni ya nne kwenye orodha! Alibadilisha chupa, tena akanunua ya bei ndogo kuliko ile. Dawa hajaweka mpaka leo.

Basi, unachaguaje? Acha picha ya mbele, geuza chupa. Orodha ya viambato huanza na kilicho kingi zaidi na kushuka, ingawa vile visivyofika asilimia 1 vinaweza kupangwa vyovyote. Majina nayaandika kama utakavyoyakuta kwenye lebo:

• Kimbia majina yanayoishia na -cone, -conol au -siloxane: dimethicone, amodimethicone, dimethiconol, cyclopentasiloxane.

• Likianza na PEG, kama PEG-12 dimethicone, hiyo huyeyuka kwenye maji na kutoka kirahisi zaidi. Kama ndiyo kwanza unaanza, iache nayo.

• Usiogope cetyl alcohol na cetearyl alcohol. Jina linatisha, lakini hizo zinalainisha. Zinazokausha ni kama alcohol denat. na isopropyl alcohol, hasa zikiwa juu kwenye orodha.

• Angalia pia petrolatum na paraffinum liquidum. Mafuta mazito ya namna hiyo ni kazi kuyatoa bila shampuu, yawe kwenye kondishena au kwenye kopo unalopaka asubuhi.

• Chagua nyepesi, ya chupa kubwa na bei nafuu, kwa sababu utatumia nyingi. Ile ya gharama ibaki ya kuvukia siku maalumu.

Siku ya kwanza, osha mara moja kwa shampuu yenye salfeti isiyo na silikoni ili kutoa makoti ya zamani. Kuanzia hapo lowesha nywele chapachapa, paka kondishena bila ubahili, sugua ngozi ya kichwa kwa ncha za vidole dakika kadhaa, chana kuanzia kwenye ncha kwenda juu, kisha suuza mpaka uchoke.

Na kama bafu ni moja kwa watu wawili, ile chupa ya baba ya "mbili kwa moja" usiiguse. Bidhaa za aina hiyo mara nyingi zina silikoni. Mnunulie yake, tunza yako, amani itawale.

Lakini jamani, njia hii haimfai kila mtu. Mwaka 2016, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa taarifa kuhusu bidhaa moja ya kuoshea nywele ya aina hii, baada ya kupokea malalamiko 127 kutoka kwa watumiaji, yakiwemo ya nywele kunyonyoka, kuwashwa na vipele. Kwa hiyo kisikilize kichwa chako. Ukianza kuwashwa, kutoa mba au kuona nywele nyingi kwenye chanuo, rudi kwenye shampuu laini, na hali ikiendelea muone daktari wa ngozi. Kutumia shampuu mara moja au mbili kwa mwezi si usaliti.

Ukiingia dukani wiki hii usione haya kusimama dakika tano ukisoma mgongo wa chupa. Muuzaji atakusubiri. Nywele umezaliwa nazo. Chupa ndiyo ya kubadilisha.