Mbwa anayelia akiachwa peke yake: ni woga au ni kichaa?

Msimu wa kupalilia, nyumba nyingi za Baraka na vijiji vya Fizi hubaki tupu toka alfajiri. Wazazi wako ku shamba, watoto wako masomoni, anabaki mbwa wa kulinda kuku, mbuzi na magunia ya mihogo. Jioni jirani anakuja kulalamika: "Ile imbwa yenu inalia siku nzima, inatafuna mlango, mate inaitoka. Iko na kichaa, muiue!"

Ngojeni kwanza. Mate na kelele havitoshi kumhukumu mbwa.

Kuna mbwa wanaoshikwa na woga mkubwa wakiachwa peke yao. Huyu huanza kuhangaika akiona tu mumeshika jembe. Fujo yake huanza mara mukiondoka, mara nyingi ndani ya nusu saa ya kwanza. Anachimba na kutafuna palepale mlipotokea, wala chakula hagusi. Mukirudi anatulia, anakula, anakunywa. Mara nyingi ni mbwa aliyebadilishiwa mwenyewe au kuhamishwa, na kwetu huku, kukimbia na kurudi si habari ngeni.

Kichaa hakingoji muondoke. Mbwa hubadilika hata mukiwa naye: mpole anakuwa mkali, anauma vitu ovyo, sauti inabadilika, anashindwa kumeza, miguu inalegea, na kwa kawaida anakufa ndani ya siku 10. Mukiwa na mashaka musimguse. Watu na mifugo wakae mbali, aitwe veterineri. Na mbwa akimuuma mtu, hata anayeonekana mzima, hapo hakuna kubahatisha: osheni kidonda palepale kwa sabuni na maji mengi dakika 15, kisha kituo cha afya siku ileile. Dalili zikishatokea kwa mtu, karibu hakuna anayepona.

Turudi kwa yule mwenye woga. Fimbo haisaidii. Ukimpiga jioni sababu ya mlango alioutafuna asubuhi, hawezi kuunganisha. Anajifunza tu kwamba kurudi kwako ni hatari. Kamba fupi nayo inazidisha, wengine wanajiumiza nayo.

Kinachosaidia ni mazoezi. Shika jembe, kisha ukae tu kwenye kiti, mpaka jembe lisimtishe tena. Halafu toka, urudi kabla hajaanza kulia, hata kama ni nusu dakika. Akizoea, ongeza: dakika mbili, tano, kumi. Akilia, umeenda mbio, punguza. Kabla ya kutoka mtembeze, muachie bugali na ndagala kidogo, ondoka bila kuagana sana. Kazi hii inachukua majuma, kwa hiyo ianze kiangazi, mashamba yakiwa yamepumzika. Siku hizo asiachwe peke yake muda mrefu: abaki na bibi, ao aende nanyi shambani. Kununua mbwa wa pili mara nyingi ni hasara tu, maana anayemlilia ni nyinyi.

Awe mwoga ao jasiri, chanjo ya kichaa ni ya kila mbwa, toka miezi mitatu, na irudiwe kama veterineri anavyopanga, kwa kawaida kila mwaka. Chupa moja mara nyingi ni ya mbwa kadhaa, inataka baridi, na ikifunguliwa haiwekwi mpaka kesho. Ndiyo maana inafaa koperative iandike mbwa wa wanamemba wote, kisha imwite veterineri siku moja.