Fasi ya Kuku Kuoga Vumbi

Mama, umekwisha kuona kuku amelala ubavu chini ya jua, anachimba na makucha, anajitupia udongo katika mabawa, macho yake yamefunga nusu. Watoto wanapiga kelele: «Mama, kuku anakufa!» Hapana, hafi. Anaoga. Kuku hapendi maji. Yeye anaoga na vumbi. Akipata fasi nzuri ataoga karibu nusu saa, mara nyingi saa za mchana, na nyuma ya siku moja ao mbili atarudia tena.

Kwa nini anafanya hivi? Karibu na mukia kuku ana fasi ndogo inayotoa mafuta. Anayachukua na mudomo wake na kuyapakaa katika manyoya. Mafuta hayo yakikaa siku nyingi, manyoya yanashikana. Vumbi linanyonya yale ya zamani. Lakini kuna kazi nyingine, na ndiyo inakuhusu wewe zaidi. Mwili wa chawa wa kuku umefunikwa na nta nyembamba sana, inayomulinda asikauke. Vumbi laini linakwangua ile nta na kuinyonya. Chawa anakauka, anakufa.

Kuku mwenye chawa wengi hatulii. Anajikuna siku nzima, anakonda, mayai yanapunguka. Ubaya mukubwa unakuja wakati wa kulalia. Mayai yanataka siku 21 chini ya mama yao, na kuku anayelalia anatoka katika kiota muda mufupi tu, kwa kula na kunya. Chawa wakimusumbua kupita nguvu yake, ataacha mayai. Basi vifaranga vimekwisha kupotea mbele ya kuzaliwa, na wewe ulikwisha kuvihesabu: hawa kwa kuuza, tupate sabuni na makuta ya masomo, huyu kwa kutaga, mutoto mudogo apate yai. Siku ya kilo tunakuambia kila mara kwamba mutoto aliyepita miezi sita anahitaji yai lililopikwa vizuri. Yai hilo linaanza katika manyoya ya kuku.

Hapa kwetu Kisangani shida ni mvua. Inanyesha miezi yote ya mwaka, na hata juma ambalo jua linawaka, udongo wa chini unabaki na maji. Na sisi wamama wa Mangobo, wa Kabondo, wa Tshopo, tunafagia lupango kila asubuhi mpaka inakuwa ngumu kama sima. Ni usafi, hatutaacha. Lakini kuku hapati vumbi. Basi anaingia jikoni, anaoga katika majivu ya mafiga, karibu na chungu cha sombe, pale mutoto anapotambaa.

Umufanyie fasi yake. Chukua sanduku la mbao, ao basani ya zamani iliyotoboka, ao panga matofali pande ine. Upana wa sentimetre 60 kila upande unatosha kuku wawili pamoja. Weka chini ya mwisho wa paa, ao ujenge kipaa kidogo cha majani ao cha tole ya zamani. Kipaa hiki ndicho kazi yote. Bila kipaa, mvua moja tu na umepata matope.

Ndani utie udongo mukavu uliopondwa na kuchungwa, basani mbili. Muchanga wa mto uliokauka vizuri, basani moja. Majivu ya kuni, nusu basani. Changanya. Kimo chake kifike sentimetre 10 ao 15, kwani kuku anapenda kujizika. Ukikosa nafasi ya kukausha udongo juani, uanike kwenye tole juu ya moto mudogo.

Juu ya majivu, sikiliza vizuri. Yawe ya kuni tu, yaliyopoa usiku muzima, maana kaa dogo linaweza kujificha ndani na kuunguza miguu. Usitie majivu ya plastiki, ya mupira wa gari, wala ya mbao iliyopakwa rangi. Na yasilowe. Wewe unajua kwamba wazee walipitisha maji katika majivu kwa kupata chumvi, na wengine kwa kupika sabuni. Maji yale yanauma mukono. Vivyo hivyo yatauma ngozi ya kuku.

Na ule udongo mweupe wa pemba, unaouzwa sokoni? Mwaka 2012 watafiti wa California walionyesha kwamba kuku waliooga katika muchanga uliochanganywa na udongo wa namna hiyo walipunguza sana wadudu. Ponda vipande vichache, utie. Wamama wenye mimba wanaununua kwa kuula. Heri wamupe kuku, kwa sababu tumboni unazuia chakula kuongeza damu.

Usitie dawa ya kuua wadudu wa shamba. Sumu inaingia katika yai, na yai linaingia katika mutoto.

Vumbi haliui mayai ya chawa, yaliyoshikamana katika shina la manyoya, zaidi karibu na mukundu. Inua mukia uangalie: kama unaona vitu vyeupe vimeshonana pale, wapo. Kwa hiyo sanduku likae siku zote, si siku moja. Chota mavi kila asubuhi, ongeza vumbi likipunguka, na nyuma ya mwezi mumoja ao miwili utupe yote shambani, uanze upya.

Kuna mududu mwingine, mwekundu, mudogo sana. Muchana anajificha katika nyufa za mbao, usiku anakuja kunyonya damu. Huyu haogopi sanduku lako. Mumwagie maji yanayochemka katika nyufa za nyumba ya kuku, na uchome majani ya zamani ya kiota. Kuku akilala jikoni ao chini ya kitanda, mududu huyu atauma watu pia. Na kama kuku wanakufa wengi kwa siku chache, shingo zimepindika, hiyo si chawa. Pengine ni ugonjwa wa Newcastle. Ule unazuiwa na chanjo tu, ikitolewa mbele ya ugonjwa kufika.

Sasa mutoto. Yeye ataona sanduku la muchanga, atafurahi, ataingia kucheza, atatia mukono kinywani. Mavi ya kuku yana vijidudu vya kuhara. Basi weka sanduku nyuma ya nyumba, na ulizungushie fito za kimo kinachomuzuia anayetambaa. Kuku ataruka. Wewe ukimaliza kuchota mavi, nawa na sabuni mbele ya kushika mutoto ao kumupa ziwa.